Bafu la Mama Hortensia

Mirna alitoka bafuni akipangusa vidole kwa karatasi aliyokuja nayo mwenyewe kutoka Cancún. Akasimama kwenye mlango wa jikoni, akamtazama wifi yake aliyekuwa akipakua chakula.

"Wifi, sitaki kukuudhi," alisema. "Lakini lile bafu ni aibu tupu."

Nelsy hakugeuka. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu mjini Mérida kila nyumba hupika maharage kwa nyama ya nguruwe, mazito au mepesi kulingana na mfuko wa mwenye nyumba. Ya kwake siku hiyo yalikuwa mepesi. Alitoa kipande cha nyama kwenye sahani yake, akakiongeza kwenye sahani ya mgeni.

"Aibu ya nini?"

"Ule ukoko! Bomba la sinki limeota magamba kama mgongo wa mjusi. Bomba la mvua linatema maji upande mmoja, nusu yanauogesha ukuta. Na choo, Mungu wangu, kina mstari wa njano utadhani kuna mtu kakipaka rangi. Dalali analeta wateja Alhamisi. Ndiyo unataka waone vile?"

"Ni maji, Mirna. Maji ya huku yanatoka kwenye mawe ya chokaa. Wewe si ulikulia humu humu?"

"Nilikulia humu, na siku za mama hapakuwa na ukoko."

Nelsy aliweka sahani mezani, akapanga na vitunguu, figili na vipande vya danzi, lile chungwa kali la kukamulia, pembeni. Kwenye bembea ya kamba ya kulalia iliyoning'inia sebuleni, mume wake Wilberth, kaka yake Mirna, alifumba macho. Ndivyo alivyofanya siku zote sauti za wanawake hawa wawili zilipoanza kupanda. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha kamba za mkonge. Kiwanda kilifungwa, vumbi lake likabaki kifuani mwake. Siku hizi hata kubishana kulimkata pumzi.

Mama Hortensia, mama wa Mirna na Wilberth, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka. Nyumba aliwaachia watoto wake wawili, nusu kwa nusu, na kwa kuwa nyumba haikatwi kwa kisu kama mkate, ikaamuliwa iuzwe. Mirna alipiga simu, Wilberth akasema sawa. Nelsy hakuwa mtoto wa mtu yeyote katika nyumba ile, kwa hiyo hakuulizwa.

"Kula, chakula kinapoa," alisema.

Mirna alikula. Alikuwa na njaa, na alikuwa amechoka. Alisimamia dobi la kufulia mashuka katika hoteli moja kubwa, na mgongo wake ulikuwa umefika mahali pa kumwamsha alfajiri kabla ya saa ya kengele. Nusu yake ya nyumba ile ndiyo ingemwezesha kuacha kazi. Hakuwa mtu mbaya. Ila alizoea kupita nyuma ya wasichana wa kazi akikagua mashuka, na sasa jicho lake halikujua kupumzika.

Alipomaliza alifungua begi, akatoa chupa na kuiweka katikati ya meza.

"Asidi," alisema. "Unamwaga, unasubiri, unasuuza. Hotelini ndiyo tunayotumia. Hutavunja hata ukucha."

Nelsy aliichukua chupa ile kwa ncha za vidole, akaitoa nje uani, akaiweka mbali karibu na ukuta.

"Asidi haiingii humu ndani."

"Kwa nini?"

Nelsy alielekeza midomo yake upande wa bembea. "Mwaka juzi jirani alimwaga kwake. Harufu ikaruka ukuta. Kaka yako tulimfikisha hospitali midomo imekuwa ya bluu. Hukuambiwa?"

Mirna alikuwa ameambiwa. Aliikumbuka ile simu, na alikumbuka pia kwamba siku hiyo alikuwa na kazi nyingi.

"Halafu vigae vile vya sakafuni ni vya saruji," Nelsy aliendelea. "Asidi itakula maua yote. Na mama yenu alikuwa akiyapenda."

"Basi safisha kwa sala, wifi," Mirna alisema akiinuka. "Mimi nalala kwa rafiki yangu, siwezi kuoga humo. Alhamisi nitakuja na dalali. Tafadhali."

Lile "tafadhali" lilimuuma Nelsy kuliko yote. Alilisikia jinsi wasichana wa dobi wanavyolisikia.

*

Kesho yake asubuhi Nelsy alitoka na beseni hadi kwenye mdanzi uliokuwa nyuma ya nyumba. Madanzi ya mti ule yalikuwa na ngozi nene yenye mabaka, nayo yalikuwa makali ajabu. Alichuma mpaka beseni likajaa. Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha jirani, Bi Eligia, mjane mwenye meno machache na maneno mengi.

"Mwanangu, unamwoza nani? Madanzi yote hayo ni ya kuku wangapi?"

"Ni ya bafu, Bi Eligia."

"Bafu! Wenzako wanaloweka nyama kwenye danzi, wewe unaloweka choo. Nani anakuja, askofu?"

"Wateja wa nyumba."

Bi Eligia aliutazama mdanzi. Kisha kichwa kikapotea, na kiliporudi kilikuwa na chupa kubwa ya siki.

"Chukua. Niliinunua ya kutia pilipili, lakini tumbo langu limekataa pilipili. Na mkitaka kuoga, njooni kwangu. Ila mje na sabuni yenu, mimi si hoteli."

Nelsy alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu jana, akaingia ndani na mizigo yake.

Kazi yenyewe aliijua. Mwaka wake wa kwanza katika nyumba ile Mama Hortensia alimfundisha, kwa ukali, kila Jumamosi: danzi na chumvi, danzi na chumvi, usingoje ukoko uzae watoto. Na kweli siku hizo mabomba yaling'aa. Kisha mama akaanguka kiharusi, na Jumamosi zikawa kama siku nyingine zote: kumgeuza, kumlisha, kumwogesha, kufua. Chokaa nayo haina huruma wala likizo. Kila tone lililokauka liliacha vumbi lake jeupe juu ya vumbi la jana, mpaka vumbi likawa jiwe.

Alianza na sakafu. Alitandika magunia ya zamani juu ya vigae ili siki isivifikie. Akapasha siki jikoni mpaka ikatoa moshi wa kuwasha pua, akafungua dirisha la bafu na kufunga mlango wa sebuleni ili mvuke usimfikie Wilberth. Akachovya vitambaa, akalizungushia bomba la sinki kama mtu anayefunga bandeji, akavifunika kwa mfuko wa plastiki na kukaza kwa uzi. Chooni alikomba maji kwa kikopo hadi sehemu ya chini ikawa kavu, akabandika matambara yaliyolowa siki juu ya ule mstari wa njano, moja baada ya jingine, amepiga magoti, shavu lake likiwa karibu na ukingo wa choo.

Katika hali hiyo ndipo Wilberth alipomkuta.

"Toka, kuna harufu," Nelsy alimwambia bila kuinua kichwa.

"Ni siki tu. Siki siyo mbaya." Alikuwa ameshika spana. "Nimekuja kulifungua bomba la mvua. Wewe hutalifikia."

Alipanda juu ya kiti. Bomba lilikuwa limegandiana na shingo yake kwa ukoko, spana ikateleza mara ya kwanza na ya pili. Kifua chake kilianza kupiga filimbi. Nelsy alisimama chini yake, mikono yote miwili imeshika miguu ya kiti, akamsikiliza akipambana na chuma kile na pumzi yake kwa wakati mmoja. Mwishowe bomba lilitoa mlio, likazunguka. Alishuka, akaketi kwenye kiti, akalitazama mkononi mwake. Matundu mengi yalikuwa yameziba kabisa.

"Samahani," alisema, pumzi ilipomrudia.

"Ya nini?"

"Sijui. Ya yote."

"Samahani ya yote hailiki, Wili." Alilichukua bomba, akalizamisha kwenye bakuli la maji ya danzi. "Mimi nataka umwambie dada yako neno moja."

"Neno gani?"

"Kama hulijui, siwezi kukutafunia."

Wilberth aliinamia mikono yake. Kiti alichokalia kilikuwa kile kile cha plastiki ambacho mama yake alikuwa akikalia wakati wa kuogeshwa. Ukutani, usawa wa mgongo wa kiti, maji ya miaka ile yalikuwa yameacha alama nyeupe ya duara. Aliitazama alama hiyo kwa muda mrefu. Katika miaka yote ile hakuwahi kuingia bafuni mama yake akiogeshwa. Alisema kwa mwana wa kiume haifai. Alikuwa akikaa nje, anaongeza sauti ya redio.

"Alikuwa akikutukana," alisema taratibu. "Nilikuwa nasikia."

"Alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa akikuita mtumishi."

"Alikuwa mgonjwa, nimekwambia. Inuka, nataka kusugua ukuta."

Siku hiyo yote na siku iliyofuata Nelsy alisugua. Alifungua vitambaa, akakuta magamba yamelainika kama jibini. Aliyakwaruza kwa mswaki wa zamani na kwa kijiti, asitumie kisu, maana kisu kingeacha michubuko. Palipogoma alikata danzi nusu, akalichovya kwenye chumvi na kulisugua mpaka likabaki ganda. Chooni alinyunyiza magadi juu ya siki. Yakapanda povu, yakachemka, na alipopitisha dodoki la nyuzi za mkonge mstari ulianza kuachia vipande vidogo vya njano. Matundu ya bomba la mvua aliyazibua kwa sindano, moja moja. Vidole vyake vilipasuka kwenye viungo, na maji ya madanzi yaliingia katika kila mpasuko. Alikuwa akivuta hewa kwa meno, anaendelea.

Mara moja Bi Eligia alipita kumtazama, akatikisa kichwa.

"Unamsafishia nani, mwanangu? Anayenunua au anayeuza?"

Nelsy alichovya danzi kwenye chumvi. "Hata sijui," alisema. "Nimechoka kuambiwa ni mchafu."

*

Alhamisi asubuhi bafu lile lilikuwa limerudi ujana. Bomba la sinki lilionyesha uso wa mtu. Nelsy alikausha tone la mwisho kwa kitambaa kikavu, akaondoa magunia, na maua mekundu na ya kijani ya vigae yakatokea, yote mazima. Alisimama akaangalia. Hakufurahi hasa, alikuwa kama mtu aliyemaliza kumvisha maiti, akaona amependeza.

Mirna alifika na dalali, Bwana Gamboa, mtu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na tabasamu la kukodi. Mirna aliingia bafuni, akakwaruza bomba kwa ukucha. Ukucha ukateleza. Alifungua mdomo kusema kitu, lakini dalali aliwahi.

"Safi, safi kabisa. Sasa, hizi bembea zishuke. Na ile picha ya marehemu yenye mshumaa, iwekwe kabatini kwa muda. Wateja hawapendi kuona kifo." Alishusha sauti, akamgeukia Mirna kana kwamba wenye nyumba wengine hawakuwepo. "Na yule bwana… kikohozi. Mtu anayekohoa hauzi nyumba, wewe mwenyewe unaelewa. Wangekwenda mahali, hata kwa saa moja tu."

Mirna aliona haya. Alimtazama kaka yake. "Wili, kaa kwa Bi Eligia kidogo, eh? Ni kidogo tu."

Wilberth alishusha bembea yake ndoano moja baada ya nyingine, akaikunja, akatoka nayo imejaa mikononi kama mtu aliyebeba mtoto.

"Mimi sitoki," alisema Nelsy. "Nina sufuria motoni." Hakuwa na sufuria motoni.

Wateja walikuwa mke na mume kutoka Monterrey, watu vijana, wapole, waliosalimia vizuri. Walivutiwa na dari ndefu, wakavutiwa na milango ya mbao. Walipofika bafuni Nelsy alikuwa nyuma yao, kitambaa begani. Yule mke aliinama akagusa kigae.

"Vizuri sana hivi," alisema. "Na kumetunzwa kweli." Kisha akamgeukia mumewe, akanyoosha mkono toka ukutani mpaka dirishani, na kulivuka dirisha hadi kwenye mdanzi. "Hapa panavunjwa pote, si ndiyo? Bwawa la kuogelea linaanzia hapa na kuishia pale kwenye mti."

"Mti unaondoka?" aliuliza mumewe.

"Mti lazima uondoke."

Walisema bila ubaya wowote, kama watu wanaochagua pazia. Wakatoka kwenda kuona ua. Mirna alibaki mlangoni na wifi yake, akacheka kicheko kifupi cha mtu asiyejua aweke wapi uso wake.

"Basi wifi, umejichosha bure."

Nelsy alimtazama. Kisha akachukua taulo kwenye kamba, akaingia bafuni na kufunga komeo.

Alivua nguo, akazikunja vizuri juu ya kiti. Akafungua bomba. Maji yalishuka kwa matundu yote, sawasawa, kwa nguvu, yakampiga kichwani na mabegani. Alikuwa amesahau kwamba bomba lile liliwahi kunyesha hivyo. Akasimama chini yake macho yamefumbwa, mikono iliyopasuka ikiwasha kisha ikiacha kuwasha. Alitumia sabuni taratibu. Hakumwogesha mtu mwingine. Alijiogesha mwenyewe.

Baada ya muda mlango uligongwa.

"Wifi? Wanataka kupima chumba."

"Kuna mtu," alijibu Nelsy.

"Najua kuna mtu! Wana haraka, wana nyumba nyingine ya kuona."

"Kuna mtu, Mirna."

Bwana Gamboa alisogea, akagonga kwa pete yake. "Mama, dakika moja tu…"

"Acha mlango."

Ilikuwa sauti ya Wilberth. Alikuwa amerudi, bembea bado mikononi. Aliivuta meza ndogo ya simu, kwa kuwa hakuona kiti, akaikalia mbele ya mlango wa bafu. Alikohoa, watu wakasubiri amalize.

"Atatoka akimaliza," alisema.

"Wili, usinifanyie hivi mbele za watu," alinong'ona Mirna.

"Nilitaka nikwambie mapema. Sikuweza." Alivuta pumzi. "Fedha ya nyumba tutaigawa mafungu matatu."

"Matatu? Tuko wawili! Mama alikuwa na watoto wawili!"

"Mama alikuwa na watoto wawili, ndiyo. Wewe ulituma fedha, Mungu akulipe. Mimi nilikaa nje nasikiliza redio. Aliyemwogesha si wewe wala mimi."

Mirna alishika mgongo wake kwa mkono mmoja. Macho yalimjaa. "Na huu mgongo wangu je? Nani ataulipa huu?"

"Sijui, dada. Lakini sitii sahihi mpaka tuzungumze watatu."

Wale wageni kutoka Monterrey walikuwa wamesimama uani, wakijifanya kutazama mdanzi. Bwana Gamboa alikuwa akiangalia viatu vyake.

Nyumba iliuzwa, kwa watu hao hao, mvua zilipoanza. Mbele ya wakili Mirna hakukubali theluthi. Alikubali kidogo kuliko hapo, baada ya simu nyingi na machozi, na dobi akaliacha baadaye kuliko alivyotaka. Nelsy na Wilberth walihamia vyumba viwili Kanasín, mahali penye maji magumu yale yale. Mawifi hao wawili hawakupendana zaidi, ila tangu hapo Mirna alipopiga simu aliomba kuzungumza na Nelsy kwanza.

Lakini siku ile ya Alhamisi hakuna aliyejua hayo. Nyuma ya mlango maji yalimwagika, na Nelsy, ambaye kwa kelele za maji alikuwa amesikia nusu tu ya maneno, hakuharakisha. Alisuuza nywele mpaka zikalia mkononi. Alifunga bomba. Alijifuta, akavaa, akafuta na sinki kwa mazoea, kisha akaondoa komeo.

Mumewe alisimama kumpisha. Alipita katikati yao, nywele zikichuruzika mgongoni, wala hakumwangalia dalali.

"Haya," alisema. "Pimeni."